Mfinyanzi Aliyelala kwenye Shimo la Udongo

Udongo wa matofali hukanyagwa asubuhi, kabla jua halijawa kali. Wakati huo ni laini na haunati sana miguuni. Kwa hiyo familia ya mfyatua matofali ilianza kazi mapema, kila siku isipokuwa siku ya mapumziko.

Baba alijaza udongo kwenye kalibu ya mbao. Alisawazisha juu kwa kipande cha ubao, kisha akainua kalibu taratibu. Matofali mawili mabichi yakabaki chini, pembe zake zimesimama sawasawa. Mama aliyafunika kwa majani makavu ili jua lisiyapasue. Mjomba, mdogo wake Mama, alikuwa shimoni akichimba udongo na kuupandisha kwa toroli.

Binti yao alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa akiuliza maswali tangu alipojua kusema, na watu wakamwita Maswali. Jina hilo liliwafikia hata wazazi wake. Mtaa mzima ukawaita Baba Maswali na Mama Maswali.

Jumamosi hiyo Maswali hakwenda shule. Alikuwa akichota maji kwenye pipa na kuyamimina kwenye udongo. Saa nne walipumzika kunywa chai. Alitoa kitabu chake cha historia.

"Baba, humu kuna sura ya watu wa kale," alisema. "Kuna mfalme aliyeshinda vita. Kuna mfanyabiashara aliyekuwa na ngamia mia. Watu wa hapa kwetu wako wapi?"

"Watu wa hapa kwetu walikuwa wanalima," Baba alijibu.

"Walikuwa wanaitwa nani?"

"Nani ayajue majina yao? Hawakuandikwa."

"Kwa nini hawakuandikwa?"

Baba alicheka, akamgeukia Mama. "Mpe huyu mwanao chai, pengine mdomo utapata kazi nyingine."

Mama naye alicheka. Lakini Maswali hakucheka. Alikitazama kitabu, akakifunga.

Mwezi huo kazi ilikuwa nyingi. Shule ya mtaa ilikuwa inajenga madarasa mawili, na matofali yalitakiwa yatoke kwa Baba. Msingi ulikuwa tayari. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia, na mvua ikinyesha matofali mabichi hurudi kuwa tope. Kwa hiyo chai ilinywewa haraka, na kila mtu akarudi mahali pake.

Haikupita nusu saa, Mjomba alipiga ukelele kutoka shimoni.

"Shemeji! Shemeji, njoo!"

Baba alikimbia. Mama na Maswali walimfuata. Mjomba alikuwa amesimama huku jembe limeanguka miguuni pake. Mbele yake, kwenye ukuta wa udongo, kulikuwa na chungu cheusi kilichovunjika ubavu. Karibu na chungu kulikuwa na kingine kidogo. Kati ya vyungu hivyo kulikuwa na kitu cha mviringo, rangi yake kama ya chai ya maziwa.

Kilikuwa fuvu la mtu.

Mjomba aliufuta uso wake kwa kiganja, akauacha na tope.

"Nilidhani ni jiwe," alisema polepole. "Nimelipiga kwa jembe, shemeji. Nimempiga mtu kwa jembe."

Baba aligeuka haraka. Alitazama barabarani kuona kama kuna mtu anapita. Hakukuwa na mtu.

"Maswali, rudi juu," alisema.

"Baba, ni nani huyo?"

"Nimesema rudi juu!"

Maswali alirudi juu, lakini hakwenda mbali. Alisimama nyuma ya rundo la matofali, akaona yote.

"Tukawaambie watu wa ofisi ya mtaa," Mama alisema.

"Tukawaambie nini?" Baba aliuliza. "Kwamba kuna maiti kwenye shimo langu? Watakuja polisi. Wataniuliza ni nani huyu, na nani alimuua. Nitajibu nini? Watanifungia shimo, na mimi mwenyewe watanifunga."

"Lakini hukumuua mtu."

"Mimi najua na wewe unajua. Wao watajuaje?"

Hofu ikimkamata mtu, mikono hutangulia akili. Ndivyo ilivyokuwa kwa Baba. Alichukua gunia tupu. Yeye na Mjomba waliitoa mifupa haraka, mmoja baada ya mwingine, wakaitia guniani. Kile chungu kidogo kilikuwa kizima. Baba alikiinua, akakigeuza. Vitu vyeusi vidogo, kama punje, vilimwagika na kupotelea kwenye tope. Hakuvitazama mara mbili. Alikitupa chungu pamoja na vipande vya kile kilichovunjika kwenye dimbwi lililokuwa njiani, pale toroli lilipokuwa likikwama kila siku. Kisha akavikanyaga vikazama.

Gunia walilificha nyuma ya tanuru.

Walipoondoka, Maswali alishuka kwenye dimbwi. Kigae kimoja kilikuwa bado kinaonekana. Alikiokota, akakiosha kwenye pipa. Kilikuwa kitako cha chungu, kinene na cheusi. Alikifunga kwenye kanga yake, asimwambie mtu.

Mchana Mama alipakua chakula, lakini yeye hakula. Aliitazama sahani yake.

"Mbona huli?" Baba alimuuliza.

"Baba Maswali, umemtoa mtu mahali alipolazwa, ukamtia kwenye gunia la mkaa. Unataka nile?"

Baba alirudisha tonge sahanini.

"Huyo alikuwa na watu wake," Mama aliendelea. "Kuna waliomlaza pale. Walimwekea vyungu. Huwezi kumwekea vyungu mtu usiyempenda."

"Ningefanya nini?"

"Sijui. Lakini tunaye jirani anayejua mambo ya mifupa kuliko sisi. Mimi nakwenda kumwita."

Jirani huyo alikuwa nesi mstaafu. Alikuwa amefanya kazi hospitalini miaka thelathini na mitano. Alistaafu, lakini watu hawakukubali. Kila mwenye jipu, kila mtoto aliyeteguka mkono, alipelekwa kwake kwanza. Wakubwa kwa wadogo walimwita Bibi Nesi.

Bibi Nesi alifika na miwani yake kwenye kamba. Baba alilileta gunia bila kumtazama usoni. Bibi Nesi alitandika kanga chini kivulini. Aliitoa mifupa michache kwa mikono miwili, kama anayempokea mtoto. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Mnaona meno haya?" aliuliza. "Yamesagika mpaka karibu na ufizi, lakini hayajatoboka. Nimeangalia vinywa vya watu wengi. Meno ya namna hii sijayaona kwa mtu wa siku hizi. Na mfupa huu ni mkavu kabisa, umeshika rangi ya udongo. Mimi si mtaalamu wa mambo haya. Lakini nadhani mtu huyu alikufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa."

"Kwa hiyo si mauaji?" Mjomba aliuliza.

"Sidhani. Lakini si mimi wa kusema, wala si ninyi. Mtu akikuta mifupa ya binadamu, hata iwe ya kale kiasi gani, hutoa taarifa. Polisi wataangalia kama kuna kosa. Wakiona ni ya kale, watawaita watu wa mambo ya kale. Ndiyo kazi yao."

"Bibi, mimi nimeshaichokoa," Baba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikisema sasa, wataniuliza kwa nini niliificha."

"Watakuuliza. Na wewe utawajibu ukweli: uliogopa. Kuogopa si kosa la kufungwa, mwanangu. Ila ukiendelea kuficha, ndipo unapojitengenezea kosa."

Baba aliinama. Bibi Nesi aliirudisha miwani yake kifuani.

"Vaa shati," alisema. "Nitakwenda na wewe."

Alasiri hiyo hiyo walikwenda ofisi ya mtaa, na kutoka hapo polisi. Askari mmoja alikuja kulitazama shimo. Aliandika maelezo ya Baba, akamwonya asiguse kitu kingine chochote. Jumatatu gari lilifika. Mwanamke alishuka akiwa na buti, kofia pana na sanduku la vifaa. Alikuwa mtaalamu kutoka ofisi ya mambo ya kale. Kwenye sanduku lake kulikuwa na mwiko mdogo, kamba, rula na brashi za kila ukubwa. Kabla ya saa sita watoto wa mtaa walikuwa wameshampa jina. Walimwita Bi Brashi.

Baba alikuwa amejiandaa kugombezwa. Lakini Bi Brashi hakumgombeza. Aliketi juu ya tofali, akafungua daftari.

"Naomba unisaidie," alisema. "Alikuwa amelala vipi?"

"Alikuwa... alikuwa kwenye udongo pale."

"Kichwa kilielekea upande gani?"

Baba alinyoosha mkono, kisha akaushusha. "Sikumbuki."

"Mikono ilikuwa wapi? Kifuani, au imenyooka?"

"Sikumbuki, mama. Tulikuwa tunatoa haraka."

"Vyungu vilikuwa vingapi?"

"Viwili. Kimoja kilivunjwa na jembe. Kingine kilikuwa kizima."

"Kile kizima kiko wapi?"

Baba alikitazama kile kidimbwi njiani. Asubuhi hiyo toroli la matofali makavu lilikuwa limepita pale mara nne, kabla ya gari kufika.

"Kilikuwa na kitu ndani?" Bi Brashi aliuliza.

"Kulikuwa na kitu cheusi, kama punje. Nilikimwaga."

Kalamu ya Bi Brashi ilisimama. Ni mara hiyo moja tu uso wake ulipobadilika. Alivuta pumzi, akaandika.

"Pengine zilikuwa mbegu," alisema. "Pengine dawa. Pengine chakula cha safari yake, kama watu wake waliamini hivyo. Sasa hatutajua."

Baba alikaa chini palepale kwenye vumbi.

"Niambie nilichoharibu," alisema. "Niambie vizuri, nielewe."

Bi Brashi aliweka daftari kando.

"Wewe ni fundi. Ukikuta tofali moja barabarani, utajua limetoka kwenye nyumba gani?"

"Siwezi kujua."

"Ukilikuta kwenye ukuta?"

"Nikilikuta ukutani nitajua mengi. Nitajua kama ni la msingi au la juu ya mlango. Nitajua aliyejenga alikuwa fundi au mbabaishaji."

"Basi na hapa ni hivyo hivyo. Mfupa ukiwa guniani unaniambia mambo machache. Ukiwa mahali pake unaniambia mengi. Unaniambia alizikwaje, aliwekewa nini mkononi, nani alikuwa karibu naye, ni udongo upi ulioanza kumfunika. Watu wa kale wa hapa hawakuacha vitabu. Mahali walipolala na vitu walivyoachiwa ndiyo maandishi yao. Ukivihamisha, umefuta."

Baba aliitikia kwa kichwa. Hakujitetea.

Kisha Bi Brashi akamwita kila mmoja peke yake, ili mtu asifuate maneno ya mwenzake. Aliandika alichosema Baba, alichosema Mama, alichosema Mjomba. Mwisho, alipotoka shule, alikuja Maswali. Alisimama huku amekumbatia kanga yake.

"Mimi niliona kutoka nyuma ya matofali," alisema. "Kichwa kilikuwa huku, upande wa kilima. Uso ulikuwa unatazama bonde. Mkono mmoja ulikuwa chini ya shavu, kama mtu amelala usingizi."

"Una hakika?"

"Kichwa na mkono nina hakika. Uso nadhani tu."

Bi Brashi alimtazama kwa makini. "Umesema vizuri sana. Wakubwa wengi hawajui kutofautisha hayo mawili."

Ndipo Maswali alipofungua kanga. "Na hiki nilikiokota. Nisamehe. Baba, na wewe nisamehe."

Bi Brashi alikipokea kile kigae, akakigeuza kuelekea kwenye mwanga. Alitoa kioo cha kukuzia. Kwa ndani, pale udongo ulipobanwa ili kitako kishikamane na ubavu, kulikuwa na alama za vidole gumba. Zilikuwa zimepangana kwa mviringo. Mistari ya ngozi ilionekana wazi, kama vile mtu ameinua kidole chake sasa hivi.

"Njoo uangalie," alimwambia Baba. "Wewe unajua udongo."

Baba aliinama. Alitazama muda mrefu.

"Aliyefanya hivi alikuwa anajua kazi," alisema. "Kila alama ina nafasi sawa. Amekwenda bila kusita. Lakini hapa..." Alisogeza kioo. "Hapa kuna alama ndogo. Zimepishana. Huyu hakuwa na nguvu ya mkono. Huyu alikuwa mtoto."

"Hata mimi naona hivyo," Bi Brashi alisema. "Watu wawili walishika chungu hiki kikiwa kibichi. Mmoja alikuwa anajua. Mwingine alikuwa anajifunza."

Mama alikuwa amesimama nyuma yao. Aliushika ukingo wa kanga yake, akajifuta macho.

Kwa wiki mbili shimo lilizungushiwa kamba. Kwanza Bi Brashi alipima mahali pote, akachimba vijishimo vidogo vya majaribio. Upande wa kusini hakukuwa na kitu chochote cha kale. Akamwonyesha Baba.

"Chimba hapa. Matofali ya shule yasisimame."

Udongo wa kusini ulikuwa mgumu zaidi, na kazi ilikwenda polepole. Mjomba alilalamika kwamba mgongo wake umekuwa wa babu yake. Hata hivyo hawakuwahi kusimama.

Kila walipopata nafasi walikwenda kutazama. Kwa bahati jembe la Mjomba lilikuwa limefika kiunoni tu. Miguu ya yule mtu ilikuwa bado ndani ya udongo, haijaguswa. Bi Brashi na vijana wake wawili waliifunua kwa brashi, punje kwa punje. Magoti yalikuwa yamekunjwa. Karibu na miguu yalikuwepo mawe matatu madogo, laini kama sabuni iliyotumika. Pembeni kulikuwa na donge la udongo ambao haujachomwa.

"Mawe haya ni ya nini?" Maswali aliuliza.

Bi Brashi alimgeukia Baba, kana kwamba jibu ni lake.

"Ni ya kusugulia chungu kikiwa nusu kavu," Baba alisema. "Bibi yangu alikuwa nalo moja. Unasugua mpaka kinang'aa, maji hayapenyi."

"Na angalia mifupa ya vidole vya miguu," Bi Brashi alisema. "Imelika hapa mbele. Inakuwa hivi kwa mtu aliyepiga magoti kila siku, miaka na miaka, huku vidole vimekunjwa chini yake. Mifupa ya nyonga, ile iliyokuwa kwenye gunia, inaonyesha alikuwa mwanamke. Viungo vyake vinaonyesha alikuwa mzee. Meno yalisagwa na mchanga uliotoka kwenye jiwe la kusagia unga."

Wote waliinama kutazama. Kwa mara ya kwanza hawakuona mifupa. Walimwona mwanamke mzee amepiga magoti, ameinamia udongo.

"Tumpe jina," Maswali alisema ghafla. "Asikae bila jina. Tumwite jina zuri."

"Hapana," Bi Brashi alisema kwa upole.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa na jina lake. Mama yake alimpa. Sisi hatulijui. Tukimpa la kubuni, kesho watu watasema ndilo jina lake la kweli, na kesho kutwa litaandikwa kitabuni. Hapo tutakuwa tumemfuta mara ya pili."

Maswali alikunja uso. "Basi nitamwelezaje shuleni?"

"Utaandika kile tunachokijua. Chini yake utaandika kile tunachodhani, na useme kwamba tunadhani. Mwisho utaandika tusichokijua. Usione aibu kuandika sehemu hiyo ya mwisho. Mwenye kuwaheshimu watu wa kale hawasingizii."

Jumatatu iliyofuata Maswali alisimama mbele ya darasa. Alisoma polepole. Alisema kwamba kuna mwanamke aliyeishi kwenye bonde lao zamani sana. Alikuwa mfinyanzi. Alipiga magoti kazini mpaka mifupa yake ikabadilika. Alisema wanadhani alikuwa akimfundisha mtoto kazi, kwa sababu ya alama za vidole. Alisema hawajui jina lake, wala hawajui mtoto yule alikuwa nani kwake.

Mvulana mmoja alinyoosha mkono. "Hakuwa mfalme. Alishinda vita gani?"

Darasa lilicheka. Mwalimu alitaka kuwanyamazisha, lakini Maswali alijibu mwenyewe.

"Mfalme wa kwenye kitabu alikula chakula kilichopikwa kwenye chungu. Nani alikitengeneza? Nilitafuta sura nzima. Hayumo."

Kicheko kikakatika. Mwalimu alikifungua kitabu kwenye sura hiyo.

"Hata mimi nimefundisha sura hiyo miaka tisa," alisema. "Sijawahi kuuliza swali hilo."

Juma lililofuata mwalimu aliwaleta wanafunzi shimoni. Walisimama nje ya kamba. Bi Brashi alieleza kazi yake. Kisha akauliza kama kuna mwingine anayetaka kusema. Baba alisogea mbele. Hakuwa amezoea kusema mbele ya watu. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyemtoa," alisema. "Niliogopa, nikamtia kwenye gunia. Alikuwa na chungu kizima, nikakikanyaga kwenye tope. Ndani yake kulikuwa na kitu alichowekewa na watu wake. Nilikimwaga. Hakuna mtu duniani atakayejua kilikuwa nini, kwa sababu yangu. Ninawaambia ninyi ili mtakapokuwa wakubwa, mkichimba msingi, mkilima, mkichimba choo, mkakuta kitu, msifanye kama mimi. Simameni. Msiguse. Funikeni pasikanyagwe, mtoe taarifa siku hiyo hiyo."

Alirudi nyuma, akavaa kofia. Mama alimshika mkono mbele ya watu wote. Hakuwa na kawaida hiyo.

Mifupa ilipelekwa kupimwa. Bi Brashi alichukua pia mkaa mdogo uliokuwa chini ya miguu ya yule mwanamke. Miezi minne baadaye alirudi na majibu. Mkaa ulikuwa na umri wa miaka mia sita hivi. Kigae, mawe na picha vingehifadhiwa na kuwekwa mahali ambapo watu wataviona. Kuhusu mifupa, ofisi iliwauliza watu wa bonde. Nao walijibu kwamba wanataka arudi.

Walimzika siku ya mawingu, upande wa kilima, mahali ambapo hapatachimbwa tena. Safari hii hakushikwa kwa haraka. Bi Brashi alipanga mifupa kama Maswali alivyokumbuka: kichwa upande wa kilima, mkono chini ya shavu. Bibi Nesi alikuja, na mwalimu, na wafyatuaji wote wa bonde. Hakuna aliyejua maneno ya dini yake, kwa hiyo walisimama kimya tu. Baada ya hapo Baba alilifukia kaburi, akasawazisha udongo kwa mikono, taratibu, mpaka hakukuwa na donge hata moja.

Watu walipokuwa wanatawanyika, Baba aliwaita wafyatuaji wenzake. Walizungumza kwa muda mrefu, wengine wakibisha. Mwisho walikubaliana. Atakayekuta kitu cha kale atasimamisha kazi mahali pale. Na wenzake hawatamwacha akose udongo.

Madarasa mawili yalikwisha kabla ya mvua za masika. Maswali alihamia kwenye moja la hayo, akaingia darasa la saba.

Mvua zilipopita, asubuhi moja, mfyatuaji wa ng'ambo ya bonde alikuja mbio. Suruali yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Alikuwa ndiye aliyebisha kuliko wote siku ile.

"Baba Maswali," alisema huku anahema. "Nimegonga chungu. Kiko wima, na kingine kimekifunika mdomo. Nimetupa jembe nikatoka. Sijagusa kitu."

"Umefunika?"

"Nimeweka turubai. Mke wangu amekaa pale, hamruhusu hata kuku kupita. Mwanangu amekimbia ofisi ya mtaa."

Baba aliweka kalibu chini. Alinawa mikono kwenye pipa. Yule mwenzake alibaki amesimama, anapiga hesabu kichwani.

"Na kazi yangu?" aliuliza. "Nina tanuru la kujaza mwezi huu."

"Chukua toroli lako," Baba alisema. "Leta na vijana wako. Udongo wa kusini unatosha."

Kesho yake familia mbili zilichimba kwenye shimo moja. Mjomba aliimba, na wale wengine wakampokea. Ng'ambo ya bonde, chini ya turubai, chungu kile kilikuwa kimesimama palepale kilipowekwa na mwenyewe, na Bi Brashi alikuwa njiani anakuja.